Namba Niliyoiosha kwa Sabuni

Nsimire, mwanangu,

Umeenda Katana kumuaga nyanya yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kula njiani. Nyumba imetulia. Nimejifungia katika chumba ninamosahihishia kazi za wanafunzi, nikawaambia wote nina makaratasi ya kumaliza. Ni uongo mdogo. Karatasi ni hii moja tu, na nimeianza mara tatu.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za dawa, wala jinsi ya kuficha simu kwenye basi la Uvira na kwenye meli ya Kalemie. Hayo mama yako ameyarudia wiki nzima mpaka hata paka ameyashika. Mimi nina jambo moja, na nilipaswa kukuambia zamani, kabla hujaichagua kazi unayoiendea.

Mwezi uliopita ulinipa barua yako ya kuomba stage, yaani mafunzo ya kazi, kule Lubumbashi, kwenye makumbusho. Ulisema, "Papa, angalia tu kama Kifaransa kimenyooka." Kilikuwa kimenyooka. Lakini katikati uliandika kwamba baba yako, aliyewahi kuwa stagiaire katika makumbusho hapa Bukavu, ndiye aliyekufundisha kwamba kila kitu cha zamani kina mwenyewe. Nilikurudishia karatasi, nikasema, "Iko muzuri." Kisha nikatoka nikakaa kwenye ngazi, na mama yako akaniuliza kama malaria imerudi.

Tangu ukiwa mdogo nimekusimulia ile stage kama vile ilikuwa likizo: panya aliyelala ndani ya ngoma, wanafunzi waliokimbia kinyago. Yote yalitokea. Lakini nilikupa nusu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho wa historia, na bila stage hakuna diploma. Babu yako alivaa viatu vyake vya Jumapili, akatoka Katana kwenda kumwomba padri mmoja aliyemfahamu, na padri akaandika kikaratasi. Kwa kikaratasi hicho nilipokelewa kwenye makumbusho madogo ya mapadri, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na depo nyuma, yaani chumba cha vitu visivyoonyeshwa. Ilikuwa likizo kubwa, katikati ya kiangazi. Vumbi la barabara liliingia hata ndani ya makabati ya vioo, na ziwa halikuonekana kwa ukungu wa moshi.

Nilidhani nitavaa glavu nyeupe na kuandika mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika. Fomu ya stage ilisema saa moja na nusu asubuhi, basi saa moja na nusu nilikuwa mlangoni. Mtunzaji, tuliyemwita Muzee Placide, alikuwa na funguo zote kiunoni, naye alifika saa tatu, saa nne, siku nyingine hakufika kabisa. Jina langu hakulijua. Nilikuwa Stagiaire. "Stagiaire, niletee mukate." "Stagiaire, kitu gani inanuka huku?" Mchana alilala kwenye kiti, na mimi nilikuwa nikifukuza nzi ili asiamke na hasira.

Kazi yenyewe ilikuwa kunakili fiche, vile vikadi vinavyoeleza kila kitu. Vya zamani vilikuwa vimeliwa na wadudu. Kijiko cha mti, nchi ya Bushi, aliyetengeneza hajulikani. Ngoma, aliyetengeneza hajulikani. Upinde, kibuyu, bangili, hajulikani, hajulikani. Kwa wiki tano niliandika neno hilo mpaka nikaacha kuliona. Jioni nilirudi kwa miguu kwenye chumba nilichopanga mjini, na rafiki zangu waliofanya stage kwenye maofisi ya misaada walikuwa wakisimulia magari waliyopanda. Mimi nilikuwa na wino kwenye vidole, basi.

Utakutana na siku za namna hiyo, Nsimire. Utafika na daftari jipya na watakupa kitambaa cha vumbi. Watasahau umekaa wapi. Watachukua wazo lako na kulisema wenyewe kwenye mkutano. Sikuambii usikasirike, mimi nilikasirika sana. Nakuambia tu hasira yangu ilinifikisha wapi.

Wiki ya sita Muzee Placide alipata msiba wa shemeji yake. Kabla ya kwenda alitoa ufunguo wa depo kiunoni, akanipa kwa mara ya kwanza. "Fagia. Usiguse kitu." Nilifagia. Kisha nikaona viti viwili vidogo, vile vya wazee, vilivyochongwa kila kimoja katika gogo moja, vyeusi kwa moshi na vumbi. Nikafikiri: nikivisafisha viking'aa, ataniona. Nilitaka hicho tu, kuonekana. Nilichota ndoo ya maji, nikachukua sabuni ya kufulia na burashi ya viatu, nikavisugua vyote viwili uani, nikiimba.

Chini ya kila kiti palikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Nilipovigeuza vikauke, hapakuwa na namba tena. Rangi ilikuwa imeenda na povu.

Nilikimbilia kitabu kikubwa cha orodha. Kilisema kiti kimoja kilitoka Walungu na kingine Kabare, na namba ya kila kimoja. Hakikusema kingine chochote, si urefu, si miguu. Vilifanana kama pacha, isipokuwa kimoja kilikuwa na alama ya moto chini, pana kama kiganja changu. Nilivitazama mpaka jua likahama uani. Halafu nikachukua kopo la rangi na kijiti, nikakisia. Chenye alama ya moto nikakipa namba ya Kabare. Kile kingine nikakipa ya Walungu.

Muzee Placide aliporudi, alikiinua kile cha Walungu, akakigeuza, akatazama chini yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Inangaa," akasema. Akakipeleka kwenye kabati la vioo la chumba cha kwanza. Nilifikiri jambo limekwisha.

Baada ya siku nne alikuja mama mmoja mzee, amefunga vitenge viwili, ameshika mkono wa msichana wa miaka kama kumi. Walikuwa wametoka Walungu alfajiri. Alijitambulisha: M'Cirhuza. Katekista wa kwao alikuwa amemwambia kwamba kiti cha Walungu kiko kwetu. Baba yake, Cirhuza, ndiye aliyekichonga, na siku aliyobatizwa alimpa padri kama zawadi. Hakuja kukidai. Alitaka jambo dogo sana: mjukuu wake akione, na sisi tuandike jina la aliyekichonga.

"Wajomba yake wanasemaka baba yangu hakukuwa na kazi ya mikono," alituambia, akimwonyesha mtoto. "Njo nikamuleta ajionee."

Muzee Placide alimpeleka mbele ya kabati, na kwa sababu alikuwa mama mzee, akafungua kioo. M'Cirhuza hakunyoosha mkono. Aliinama, akatazama, akasimama tena.

"Haiko hii."

"Maman, ya Walungu iko moja tu. Ni hii."

"Ya baba yangu chini iko na alama ya moto. Ni mimi nilikiangusha mu moto, nilikuwa kangali katoto. Hakunipiga. Alicheka."

Muzee Placide alikigeuza. Chini palikuwa safi, na namba yangu nyeupe.

"Kitabu inasema ni hii, Maman."

"Kitabu ilikuwa kwetu ile siku?"

Muzee Placide alinigeukia mimi. Mpaka leo naona jinsi alivyonitazama, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi muda zaidi.

"Stagiaire. Ni wewe ulisafisha mu depo. Uliona kiti ingine yenye iko na alama ya moto?"

Depo ilikuwa hatua kumi kutoka pale. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango, kwenye rafu ya chini. Ningeweza kukifikia kabla mtu hajahesabu mpaka ishirini. Lakini Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kutiwa sahihi ripoti yangu ya stage. Niliwaza viatu vya babu yako. Niliwaza wiki sita za mkate na nzi, zote zikitupwa. Hata sikuwaza sana, mwanangu. Jibu lilitoka lenyewe.

"Hapana, Muzee. Hakuna."

Yule msichana alimvuta bibi yake kitenge. "Koko, basi ulitudanganya?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, ameinamisha kichwa, kama mtoto anavyouliza. M'Cirhuza alifunga upya kitenge chake, polepole, kama mtu ambaye mikono yake inatafuta kazi. Kisha alimtazama Muzee Placide, akanitazama mimi.

"Mimi ni M'Cirhuza. Ni kusema mutoto wa Cirhuza. Namba iko yenu. Baba iko wangu."

Wakatoka. Niliwafuata mpaka kwenye lango. Niliwaona wakipanda mteremko, mtoto mbele, bibi nyuma. Nilifungua kinywa. Pikipiki ilipita, nikasema moyoni ngoja ipite kwanza. Ilipopita sikuita.

Ijumaa ripoti ilitiwa sahihi. Nilipata alama nzuri. Babu yako alichinja jogoo.

Nimejiuliza mara nyingi uongo ule ulitoka wapi, maana sikuwa kijana mbaya. Nilikuwa nawabebea wazee mizigo, naimba kwaya. Nadhani ulitoka katika kuwa si kitu kwa wiki sita. Mtu ambaye hakuna anayemwona anakishika kwa meno kile kidogo alicho nacho, hata kama ni karatasi ya stage, na hamwoni tena aliye mbele yake. Hivyo ndivyo nilivyomtendea M'Cirhuza kile nilichokuwa nalalamika natendewa. Sijui kama jambo hili linafundishika. Najua tu kwamba utakosea kule, utavunja kitu au utachanganya karatasi, kwa sababu kila anayeshika vitu hukosea. Likitokea, sema siku ile ile, hata wakikufukuza, kabla mtu mwingine hajalilipia. Ukifukuzwa, rudi. Nyumbani hapa hakuna atakayekuuliza diploma iko wapi. Mimi sikuwa na hakika ya hilo kwa babu yako, na pengine nilimkosea, pengine angenipokea.

Kuna uongo wa pili, na huu nilikuambia wewe. Ulikuwa na miaka saba. Shule yenu ilikuwa imefungwa, nami nikakupeleka makumbusho kwa sababu mvua ilitukuta karibu. Miaka yote nilikuwa napita barabara nyingine. Ulisimama mbele ya kabati la kwanza, pua yako kwenye kioo, ukauliza, "Papa, nani alitengeneza hii kiti?" Nikasema, "Hajulikani," ingawa fiche pale ilisema Walungu, na jina la aliyekichonga kiti cha Walungu nililijua. Neno lilitoka laini, kwa mazoea. Ukasema, "Inasikitisha." Tulipofika nyumbani ulimwambia mama yako kwamba ukikua utatafuta majina ya watu hao wote. Kazi yako ilianzia hapo. Imeanzia kwenye uongo wangu, na wewe umeifanya kitu kizuri. Sijui niseme nini juu ya hilo. Linanifurahisha na linaniumiza mahali palepale.

Baada ya kusoma barua yako ya stage, sikuweza kulala vizuri. Jumamosi iliyofuata, ulipodhani nimeenda kwenye mkutano wa walimu, nilikwenda Mudaka. Muzee Placide anaishi huko kwa binti yake, macho yamefifia, anachambua maharagwe kwa vidole. Nilijitambulisha. Nilimweleza yote, ndoo, sabuni, kopo la rangi. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini, Muzee?"

"Siku ile ile nilirudi mu kilio. Zile namba niliziandika mimi, na mukono yangu. Saba yangu iko na mukia. Yako haikuwa na mukia."

"Basi kwa nini hukusema mbele ya yule mama?"

"Nilikuuliza wewe."

"Lakini nilisema uongo, na ulijua!"

Hapo ndipo aliacha maharagwe. "Ningesema nini kwa mapadri? Kama niliacha mutoto wa stage peke yake mu depo na ndoo ya maji? Nilikuwa na watoto sita, na hakukuwa kazi ingine mu huu muji. Nilingoja useme wewe, ili kosa ikuwe yako. Hukusema. Basi tulinyamaza wote wawili." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Usinitazame sana. Nilikuwa mukubwa. Wewe ulikuwa mutoto."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunikaripia. Nilimpata mwoga mwenzangu. Njiani kurudi nililia ndani ya taxi, na dereva akapunguza redio.

Wiki iliyofuata nilikwenda Walungu. M'Cirhuza alifariki zamani. Mjukuu wake anaitwa Nabintu. Anauza vitenge sokoni, ana watoto wakubwa. Nilimtambua kwa jinsi anavyoinamisha kichwa akiuliza bei unayoitaka. Nilimwambia mimi ni nani. Alidhani natafuta kitenge cha harusi, akawa anafunua kimoja huku nasema. Nilivyoendelea, mikono yake ikasimama juu ya kitambaa.

"Alama ya moto iko kweli?" aliuliza.

"Iko."

"Nyumbani tulimuitaka Koko wa Kiti," akasema. "Kila akisema kitu, tunacheka: hii nayo iko mu makumbusho? Haikuwa kwa ubaya. Hata yeye alikuwa anacheka. Mpaka mwaka moja akaacha kutusimulia. Mimi nilidhani ni uzee."

Nilimwomba msamaha.

"Unaniomba mimi, papa? Mimi njo nilimuita muongo mbele yenu. Nitakusamehe kwa jina ya nani?" Alianza kukunja kile kitenge. "Muandike jina ya Cirhuza. Muandike muzuri. Lakini mimi sitakuja kukiangalia. Usinitumie mutu."

Jina limeandikwa. Mtunzaji wa sasa ni dada mmoja kijana, anayefika kabla yangu asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kiti depo, akakigeuza, na tukaona alama ile pamoja. Fiche mpya inasema: Kiti, Walungu, kilichongwa na Cirhuza, kwa ushuhuda wa binti yake M'Cirhuza. Chini yake nimeomba aandike kwamba namba zilichanganywa na stagiaire, na jina langu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Utakuta jina la baba yako kwenye orodha ya makumbusho ya Bukavu, siku moja ukitumwa kuzisoma orodha hizo, na nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Sijui kama umefika hapa ukiwa na hasira. Una haki nayo. Sijui pia kama nimekuandikia kwa ajili yako au kwa ajili yangu, kwa sababu tangu nianze kuandika kifua kimekuwa chepesi, na naona haya kwamba nakupa mzigo huu siku moja kabla hujaondoka, wakati una wa kwako. Mama yako anajua. Nilimwambia nilipotoka Walungu. Tulipomaliza kula akasema, "Mwambie Nsimire wewe mwenyewe, usiache aje kuliokota jambo hili mahali." Tangu siku hiyo hajaligusa tena, lakini ananitazama kila unapopita.

Nilifikiria kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute Lubumbashi, mbali, nisiwepo. Ingekuwa rahisi; sanduku lako liko wazi hapa mbele yangu.

Nasikia sauti yako barabarani, unamsalimu jirani, unacheka. Umerudi mapema. Naikunja sasa. Nakuja kukufungulia mlango, na nitakupa mkononi.

Papa yako